Leza Isiyounguza: Inaifanya Nini Seli Iliyo Hai?

Wiki iliyopita nilipanda daladala inayokwenda hospitali ya KCMC hapa Moshi, nikakaa jirani na mama mmoja wa makamo aliyekuwa ameshika bahasha ya hospitali kwa mikono miwili. Shikamoo, marahaba, mazungumzo yakaanza. Akaniambia kuwa mwaka juzi alitolewa mtoto wa jicho, akaona vizuri kabisa, lakini sasa ukungu umerudi. Daktari amemwambia aende akapigwe leza.

Neno hilo likaamsha gari zima. Kijana wa kiti cha nyuma akasema, "Mama, leza ni mionzi hiyo, angalia isikuletee kansa." Dada mmoja akamkatiza: "Hizo ni za zamani. Siku hizi kuna leza za kasi, haziunguzi, hazina madhara yoyote." Konda naye, huku anahesabu chenji, akasema binamu yake alichomwa jicho na leza, na alichomwa kweli kweli. Mama akanigeukia: "Mwanangu, sasa nimsikilize nani?"

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilimjibu haraka haraka kabla hatujafika, na jibu lile lilikuwa na mapengo mengi. Hili ni jibu refu, kwa ajili yake na kwa wengine wanaosikia habari hizi kwenye simu na vibarazani. Kila mmoja ndani ya gari lile alikuwa na kipande cha ukweli, ila walikuwa wanazungumzia leza tofauti bila kujua.

Tuanze na maneno

Mwanga wa balbu unasambaa kila upande na una rangi nyingi zilizochanganyika. Leza hutoa mwanga wa rangi moja, unaokwenda upande mmoja, mawimbi yake yakipiga hatua pamoja kama askari wa gwaride. Ya kwanza iliwashwa Mei 1960 huko California na Theodore Maiman, akitumia kijiti cha rubi. Mwanga wenyewe husafiri kwa punje ndogo ndogo ziitwazo fotoni. Shikeni neno hilo, tutalihitaji.

Seli ni kile chumba kidogo ambacho mwili umejengwa nacho. Wanafunzi wangu huziona kwa mara ya kwanza kwenye ngozi laini ya ndani ya kitunguu. Unaibandua kwa kucha, unaitandaza juu ya kioo, unaidondoshea ayodini, unaiweka chini ya hadubini. Yanatokea matofali marefu yaliyopangwa safu kwa safu, kila tofali na doa lake la kahawia. Doa hilo ni kiini cha seli, na ndani yake imo DNA, yaani maandishi ya urithi. Seli za binadamu hazina kuta ngumu kama za kitunguu. Zimezungukwa na utando mwororo, mwembamba kuliko kitu chochote unachoweza kukishika.

Neno la tatu ni pigo. Leza nyingine huwaka mfululizo kama tochi, nyingine hutoa mwanga kwa mapigo, kama mtu anayewasha na kuzima swichi. Urefu wa pigo moja ndio unaobeba karibu mjadala wote, na hakuna aliyeutaja kwenye daladala.

Leza za kuondoa vinyweleo hupiga kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. Ile inayotumika kutibu retina, yaani utando wa nyuma ndani ya jicho unaopokea mwanga, ya mgonjwa wa kisukari hukaa milisekunde makumi na zaidi, na hiyo kweli inaunguza, kwa makusudi: daktari anachoma vidoa vidogo ili mishipa mibovu isiendelee kuota na kuvuja damu. Sikumhoji konda zaidi, lakini kama binamu yake ana kisukari, basi inawezekana kabisa alichokisema ni sahihi neno kwa neno. Leza ya mama wa bahasha hupiga kwa nanosekunde chache, sehemu za bilioni ya sekunde. Kuna za pikosekunde, ambazo ni fupi mara elfu kuliko hizo. Halafu kuna femtosekunde.

Femtosekunde moja ikilinganishwa na sekunde ni kama sekunde moja ikilinganishwa na takriban miaka milioni 32, muda mrefu kuliko umri wote wa Mlima Kilimanjaro. Mwanga ambao unafika mwezini kwa sekunde moja na nukta tatu, ndani ya femtosekunde 100 unatembea sehemu tatu za mia za milimita, pungufu ya nusu ya unene wa unywele. Leza za pikosekunde na femtosekunde ndizo zinazoitwa leza za kasi mno. Mwafrika mwenzetu Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur nchini Misri, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1999 kwa kutumia mapigo ya aina hii kutazama molekuli zikiachana na kuungana.

Kwa nini haziunguzi

Nani hajawahi kupitisha kidole kwenye mwali wa koroboi akiwa mtoto? Ukikipitisha haraka huungui. Moto ni uleule, mwali ni uleule, ila joto halikupata muda wa kuingia. Pigo la femtosekunde linafanya hivyo kwa kiwango cha ajabu: linamaliza kazi yake kabla joto halijapata nafasi ya kusambaa kwenda kwa seli jirani. Kwa hiyo dada yule alikuwa sahihi aliposema haziunguzi.

Alikosea aliporuka kutoka hapo hadi "hazina madhara." Sindano nayo haiunguzi, lakini inatoboa.

Ngoja tupige hesabu moja, maana bila hesabu jambo hili linabaki kama uchawi. Leza inayotumika sana maabara kutazama seli hai hutoa mapigo milioni 80 kila sekunde, kila pigo likidumu femtosekunde 100 hivi. Tuseme wastani wa nguvu yake ni milliwati 10. Ni kidogo sana. Lakini mwanga huo haumwagwi mfululizo. Kama pigo moja lingedumu sekunde moja, mapumziko kabla ya pigo linalofuata yangekuwa saa 34 na zaidi. Nguvu yote ya mapumziko hayo marefu imebanwa ndani ya pigo, kwa hiyo pigo linapotua lina wati zaidi ya 1,200. Hiyo ni nguvu ya pasi ya umeme. Nayo imeelekezwa kwenye nukta ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, ndani ya seli moja.

Pasi nzima kwenye nukta ile, kwa muda ule. Hapo ndipo mambo mapya yanapoanza, ambayo tochi haiwezi kuyafanya hata ukiimulika seli mwaka mzima.

Kusukuma gari kwenye tope

Wakati wa masika, barabara za vumbi za kupanda vijijini zinageuka utelezi. Hiace ikinasa, mtu mmoja akisukuma haiendi. Akichoka akaja mwingine, haiendi. Watu kumi wakisukuma kwa zamu, kila mmoja na wakati wake, bado haiendi, ingawa jasho lote walilotoa likijumlishwa lingetosha kuivusha mara tatu. Mpaka mmoja apaze sauti: "Haya, moja, mbili, tatu!" Wote wanasukuma kwa pamoja na gari linatoka.

Fotoni nazo ni hivyo. Leza hizi nyingi hutumia mwanga wa infraredi, jirani wa rangi nyekundu, usioonekana kwa macho. Fotoni moja ya infraredi ni dhaifu. Inapita katikati ya seli bila kusukuma chochote, na ndiyo maana mwanga huo unazama ndani ya mwili kuliko mwanga wa kawaida. Lakini fotoni mbili zikifika kwenye molekuli moja kwa wakati uleule, zinasukuma pamoja kama fotoni moja yenye nguvu maradufu. Maria Göppert-Mayer alilipigia hesabu jambo hili mwaka 1931, kabla leza yoyote haijakuwepo duniani. Kwa mwanga wa kawaida fotoni mbili karibu hazikutani kamwe. Pigo la femtosekunde ndilo linalopaza sauti ya "moja, mbili, tatu."

Mwaka 1990 Winfried Denk, James Strickler na Watt Webb, katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, walijenga hadubini juu ya wazo hilo. Uzuri wake ni kwamba msongamano wa fotoni unatosha pale tu mwanga unapokutania. Juu yake na chini yake fotoni zinapita zimetawanyika, hazisukumi kitu. Kwa njia hii watafiti wanatazama seli za ubongo wa panya akiwa hai, ndani kwenye kina ambacho hadubini ya kawaida haifiki. Mimi ninaipenda sana kazi hii na sitaki mtu asome makala haya akaichukia. Lakini kundi lilelile la fotoni linalosukuma kile tunachotaka, linaweza kusukuma na vingine.

Kijana wa kiti cha nyuma na suala la kansa

Watu wengi wanaposikia "mionzi" wanaweka kapu moja eksirei, mionzi ya kutibu kansa, jua, minara ya simu na leza. Si kapu moja. Eksirei zina fotoni zenye nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye molekuli na kukata DNA. Mwanga wa urujuanimno, ule wa jua unaobabua ngozi, unaweza kuunganisha vibaya herufi mbili za DNA zilizo jirani, kama kurasa mbili za kitabu zilizogandana. Fotoni moja ya infraredi haiwezi lolote kati ya hayo.

Lakini tazama hesabu hii. Leza nyingi za hadubini hufanya kazi kwenye urefu wa mawimbi wa nanomita 800, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Fotoni tatu za aina hiyo zikisukuma pamoja, ni sawa na fotoni moja ya nanomita 267, ambayo ni urujuanimno mkali kabisa. Nayo DNA hunyonya sana mwanga wa karibu nanomita 260. Mwaka 2003 watafiti nchini Uingereza walionyesha jambo hili ndani ya seli: mwanga wa infraredi, ambao peke yake haudhuru DNA, ukifungwa kwenye mapigo mafupi unaacha ndani ya kiini majeraha yaleyale ya jua, kwenye nukta ile tu ulipokutania. Siku hizi wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi. Wanaijeruhi DNA mahali padogo kisha wanatazama jinsi seli inavyotuma mafundi wake kurekebisha.

Kwa hiyo hofu ya kijana haikutoka hewani, ila haihusu leza ya mama, na haihusu mwili mzima. Inahusu nukta. Jeraha la namna hiyo kwenye DNA si geni kwetu: jua letu hulifanya kila mchana kwenye ngozi zetu, na seli hulitengeneza. Melanini, ile rangi ya ngozi, hutukinga sana. Ndugu zetu wenye ualbino hawana kinga hiyo, na wanaoishi hapa wanajua gharama yake. KCMC ndipo ilipoanzia losheni ya Kilisun, iliyotengenezwa kwa ajili yao.

Oksijeni, elektroni na mapovu

Kabla hata ya kufika kwenye DNA, fotoni mbili zinaweza kugusa molekuli za kawaida zinazohusika na kuzalisha nguvu ndani ya seli. Molekuli hizo zikisukumwa zinaweza kuirushia oksijeni nguvu hiyo, nayo inageuka kuwa oksijeni kali, inayovamia kila kilicho karibu. Umeona parachichi lililokatwa likaachwa mezani mpaka likabadilika rangi? Oksijeni ndiyo inayohusika pale, polepole. Ndani ya seli mambo yanakwenda kasi zaidi. Seli ina kinga zake dhidi ya hali hii, na kwa dozi ndogo inashinda. Dozi ikizidi kinga zinaelemewa, na seli inaweza kufuata ile njia ya kujiua kwa mpangilio, ikijikunja na kujimega vipande.

Ukiongeza nguvu zaidi, fotoni nyingi kwa pamoja zinang'oa elektroni kwenye maji yenyewe. Elektroni huru zinaogelea kwa muda mfupi mno na kukata viungo vya molekuli zinazokutana nazo, bila mlipuko wowote na bila joto la maana. Kundi la Alfred Vogel wa Lübeck, Ujerumani, lilieleza hatua hizi kwa undani mwaka 2005. Nguvu ikizidi tena, elektroni zinakuwa nyingi mno, maji yanageuka mvuke ghafla, na linatokea povu. Linavimba, linasukuma kila kilicho jirani, kisha linaporomoka. Kwa seli, povu hilo ni kama tairi la lori kupasuka ndani ya chumba cha kulala.

Hatua hizi zote zikidhibitiwa ni kisu kisicho na mfano. Mwaka 2002 watafiti wa Ujerumani walitoboa tundu kwenye utando wa seli kwa leza ya femtosekunde, DNA ngeni ikaingia, utando ukajifunga, seli ikaendelea kuishi. Mwaka 2004 wengine nchini Marekani walikata nyuzi za neva za mnyoo mdogo mwenye urefu wa milimita moja, na nyingi zikaota tena ndani ya saa 24. Kisu ni kilekile. Tofauti kati ya upasuaji na uharibifu ni kipimo, na kipimo hapa hakipandi kwa ngazi za kawaida. Mwaka 2001 Alexander Hopt na Erwin Neher, huko Göttingen, walipima seli walizokuwa wanazitazama na kukuta kuwa ukiongeza nguvu ya leza mara mbili tu, madhara yanazidi mara tano. Mtu aliyezoea balbu anadhani kuongeza mwanga kidogo ni kuongeza madhara kidogo, na hapo ndipo anapoua seli zake.

Seli iliyopona, lakini si ileile

Mama aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Na hizo seli zenyewe, zinasikia?"

Maumivu hazisikii, maumivu ni kazi ya neva na ubongo. Lakini zinajua kwamba zimeguswa. Seli hutunza kalsiamu yake kwenye maghala na kuiachilia inapotaka kupeleka habari. Watafiti wa Osaka, Japani, wameonyesha kwamba pigo la femtosekunde likilenga ndani ya seli linaweza kufungulia maghala hayo, na wimbi la kalsiamu likasambaa seli nzima. Wakati mwingine linavuka hadi kwa jirani, kama yowe la kijijini linavyopokelewa kutoka mgomba hadi mgomba mpaka ng'ambo ya korongo. Seli haikutobolewa, haikufa, ukiitazama utasema ni mzima. Kumbe tayari inaitikia kitu ambacho sisi wenyewe tumekileta.

Kwa maoni yangu hili ndilo dhara linalosumbua kuliko yote, kwa sababu halionekani. Mtafiti anayetaka kujua seli ya neva inafanya nini ikiwa imetulia, anaitazama kwa mwanga ambao huenda ndio unaoitikisa. Hata joto, ambalo tulisema halipo, linarudi kwa mlango wa nyuma. Kidole kimoja kwenye koroboi hakiungui, lakini kipitishe mara milioni 80 kwa sekunde. Mwaka 2016 watafiti walipima ubongo wa panya chini ya leza ya namna hii na kukuta joto linapanda karibu nyuzi 1.8 kwa kila milliwati 100. Kwa mtu mwenye nyuzi 37 hiyo ni kutoka kuwa mzima hadi kuwa na homa. Neva zenye homa hazifanyi kazi kama neva zisizo na homa.

Ndiyo maana kipimo ninachokiheshimu ni kile cha Karsten König na wenzake, mwaka 1997. Walichukua seli za ovari ya hamsta wa China, mnyama mdogo wa jamii ya panya, wakazipitishia mapigo ya leza ya hadubini kwa nguvu tofauti za milliwati chache. Hawakuishia kutazama kama seli ziko hai. Walisubiri kuona kama zitazaa, yaani kama zitagawanyika na kufanya ukoo. Kwa nguvu ndogo zilizaa kama kawaida. Nguvu ilipopanda, baadhi ziliacha kugawanyika. Nyingine zilivimba zikawa majitu yasiyo na uzao. Na nguvu ilipopanda zaidi, zilikufa. Zile za katikati ungeziona mara baada ya leza, usingezitofautisha na dada zake.

Turudi kwenye jicho, na ngozi

Leza ya femtosekunde iliingia kwenye matibabu ya macho kwa ajali. Mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, mwanafunzi aliyekuwa anarekebisha vioo aliinua miwani yake ya kinga na mwanga ukamwingia jichoni. Daktari aliyempokea, Ron Kurtz, alikuta kovu dogo la duara lenye kingo safi kupita kawaida, bila tishu ya pembeni kuharibika. Maabara ile ilikuwa chini ya Gérard Mourou, ambaye mwaka 1985, pamoja na mwanafunzi wake Donna Strickland, alikuwa amegundua njia ya kukuza nguvu ya mapigo mafupi bila kuharibu mashine. Kazi hiyo iliwapa Nobel mwaka 2018. Kutokana na kovu lile, mwanzoni mwa miaka ya 2000 leza hizi zikaanza kukata konea, kile kioo cha mbele cha jicho, badala ya wembe, katika upasuaji wa kurekebisha uoni.

Wanaofanyiwa hivyo wengi wanaona vizuri, lakini madhara yapo na yana majina. Mapovu yale tuliyoyataja yanaweza kujikusanya kwenye konea wakati wa upasuaji na kuitia weupe kwa muda, kisha yanapotea. Neva ndogo zinakatwa, na jicho linakaa kavu kwa miezi kadhaa. Wachache, wiki chache baadaye, wanashindwa kuvumilia mwanga ingawa wanasoma ubao wote bila shida. Hao hutibiwa kwa matone. Wengine wakitazama taa nyeupe usiku wanaona miale ya rangi za upinde wa mvua. Chanzo chake kinanifurahisha kama mwalimu: mapigo yaliacha nukta zilizopangwa kwa nafasi sawa, nazo zinagawa mwanga kama mgongo wa CD unavyofanya.

Leza ya mama si hiyo. Baada ya kutolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi ya bandia, seli chache zilizobaki huweza kusambaa kwenye utando wa nyuma ya lenzi na kuutia ukungu. Leza ya nanosekunde inaupasua utando huo kwa cheche ndogo na mshindo, bila kisu. Ni kazi ya dakika chache na hakuna cha kansa hapo. Madhara yanayojulikana ni presha ya jicho kupanda kwa muda, ndiyo maana huenda akaambiwa asubiri apimwe kabla ya kuondoka, na vidoa vinavyoelea machoni kwa siku kadhaa. Mara chache retina inaweza kubanduka. Akiona vimulimuli ghafla, mvua ya vidoa vyeusi, au kama pazia linashuka upande mmoja, asingoje tarehe ya kliniki, arudi siku hiyohiyo.

Kwenye ngozi hali ni tofauti, na hapa nawaonya hasa vijana wanaokwenda kufuta tatuu. Melanini inayotukinga na jua hunyonya pia mwanga wa leza, kwa fotoni mojamoja, bila kusubiri "moja, mbili, tatu." Kadiri ngozi ilivyo nyeusi ndivyo kiwango salama kinavyoshuka. Leza za pikosekunde hupasua wino wa tatuu kwa mshtuko zaidi kuliko kwa joto, na hilo ni jema. Lakini seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zikitikiswa zinaweza kuacha doa jeusi kuliko lilivyokuwa, au doa jeupe linalokaa miezi na wakati mwingine lisiondoke. Mashine iliyopimwa kwa ngozi nyeupe haifai kuwashwa kwenye mkono wako kwa namba zilezile.

Anayekuhudumia anapaswa kukueleza bila kusitasita ni leza ya urefu gani wa mawimbi na pigo lake ni refu kiasi gani, kisha aanze na doa dogo mahali palipofichika. Halafu mngoje wiki kadhaa. Ngozi hailalamiki siku hiyohiyo. Melanini iliyochokozwa huchukua muda kupanda juu na kuonekana.